Ufunguo Ukigoma Kugeuka: Kubadilisha Swichi ya Usukani kwenye Corolla ya Zamani

Mwanza imejengwa juu ya mawe. Anayekaa Bugando, Isamilo au Mabatini anajua tunavyoegesha: unapandisha gari mlimani, unakata usukani mpaka tairi la mbele liegemee jiwe, unavuta handbreki, unazima, unachomoa ufunguo. Asubuhi unarudi, ufunguo unaingia lakini haugeuki. Unaukaza. Unaukaza tena. Siku ya tatu unakatikia ndani, na hapo ndipo simu yangu inapolia.

Basi kabla hujashika bisibisi, jaribu hili. Shika usukani kwa mkono wa kushoto, uvute polepole kwenda upande wa lile jiwe, kisha upande wa pili, huku mkono wa kulia ukigeuza ufunguo bila nguvu. Utasikia "tak" ndogo, ufunguo unateleza. Kama umefunguka hivyo, swichi yako ni nzima. Uzito wa gari ulikuwa umelala kwenye tairi, tairi likausukuma usukani, usukani ukaubana ulimi wa chuma unaoufunga. Kuanzia leo vuta handbreki kwanza, acha gari litulie juu ya jiwe, ndipo uzime na kuchomoa ufunguo, na usiuzungushe usukani kwa nguvu baada ya hapo.

Ikiwa bado umegoma, endelea kusoma. Ninaeleza kwa Corolla 110 kwa sababu ndiyo inayopita mikononi mwangu kila wiki hapa Nyakato, lakini Carina, Starlet na Mark II za miaka ya 1990 zinafanana nayo kwa sehemu kubwa.

Swichi moja, vitu vitatu

Kinachoitwa swichi ya usukani ni vitu vitatu vilivyoshikana. Cha kwanza ni silinda, pale unapochomeka ufunguo. Ndani yake kuna vibati vidogo vya shaba vinavyopanda na kushuka kufuata meno ya ufunguo. Vikikaa sawa vyote, silinda inazunguka. Cha pili ni nyumba yake, kipande kizito cha chuma cha kumimina kilicholikumbatia bomba la usukani. Humo ndimo ulimo ule ulimi wenye springi. Ukirudisha ufunguo kwenye LOCK (alama ya kufunga) na kuuchomoa, ulimi unatumbukia kwenye shafti na usukani unafungwa. Cha tatu kiko mgongoni mwa nyumba: swichi yenyewe ya umeme, plastiki ndogo yenye soketi ya waya nene, inayogawa umeme wa ACC (redio na vifaa vidogo), ON (gari likiwa kazini) na START (kupiga stata).

Ukienda dukani ukasema "nataka swichi ya 110" unaweza kupewa chochote kati ya hivyo. Na fundi asiyejali atakubadilishia vyote vitatu wakati kilichokufa ni kimoja.

Jua kilichokufa

Ufunguo unaingia kwa shida, au unaingia lakini haugeuki mpaka uutikise: shaka ya kwanza ni ufunguo wenyewe. Leta ule wa akiba, kama upo. Funguo nyingi zinazotembea mjini ni nakala ya nakala, na kila zinapochongwa meno yanapungua kidogo. Uweke kwenye mwanga, uangalie vilele vya meno. Vikiwa vya mviringo kama kokoto ya ziwani, ufunguo umechoka. Mchonga funguo akuchongee mwingine kutoka ule wa akiba ambao haujatumika sana, si kutoka huu unaokusumbua, maana atachonga na ubovu wake.

Ufunguo unachomoka huku injini inanguruma: silinda imelika. Wengine wanaona ni raha, wanaacha gari likiwaka na kuondoka na ufunguo. Mimi nasema silinda ya namna hiyo ibadilishwe mapema, kwa kuwa kitu kile kile kinachoachia ufunguo ndicho kinachotakiwa kuzuia usukani usijifunge ukiwa barabarani.

Ufunguo unageuka vizuri ila umeme unakuja na kuondoka: hapo tatizo ni plastiki ya nyuma. Dalili yake kubwa ni hii: injini inawaka ukishikilia START, ukiachia tu inazima. Lilinikuta kwenye kivuko cha Kamanga. Mlango umeshushwa, malori yananguruma nyuma yangu, kila nikiuachia ufunguo gari linakufa. Vijana wawili wabeba mizigo wakanisukuma mpaka nchi kavu. Wiki mbili kabla nilikuwa nimenunua pampu ya mafuta nikiamini ndiyo inayonizimishia gari, pesa ikapotea. Nilipoifungua ile swichi nikakuta vishaba vyake vya kugusana vimeungua, vimekuwa vyeusi, na plastiki pembeni imeyeyuka.

Ukiwa na mita ya umeme huna haja ya kubahatisha. Weka ufunguo ON, washa feni ya ndani mpaka mwisho ili umeme mwingi upite, kisha pima kati ya waya unaoingiza umeme kwenye swichi na ule unaotoa, soketi ikiwa imechomekwa. Mita inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikisoma nusu volti au zaidi, vishaba vimechoka. Usifuate rangi za waya ulizosikia kwa mtu, zinatofautiana gari kwa gari, fuata pini. Na redio kuzima wakati unapiga stata si ugonjwa, ACC hukatwa makusudi ili betri ihudumie stata.

Jambo moja kwa wenye gari la otomatiki: kama ufunguo haurudi LOCK wala hauchomoki, hakikisha gia imekaa P, ile ya kuegesha, sawasawa. Usukume mkono wa gia mbele kidogo. Nimeshaona mtu amefungua kava zote kwa ajili ya gia iliyokosa kuingia P.

Kununua

Kwa silinda, seti iliyotumika kutoka Japani yenye ufunguo wake ni bora kuliko mpya ya bei rahisi ambayo vibati vyake vinalika haraka. Chomeka ufunguo hapo hapo dukani, ugeuze mara kumi. Uchomoe ukiwa LOCK, kisha jaribu kuuchomoa ukiwa ON: ukitoka, iache. Beba ya kwako ya zamani, au picha yake, uhesabu pini za soketi na ulinganishe umbo la mkia wa silinda. Ya Corolla 100, iliyotangulia, na ya 110 zinaweza kufanana kwa sura zikakataa kuingiliana.

Ukibadilisha silinda utatembea na funguo mbili, mmoja wa milango na mmoja wa kuwashia. Usipotaka hivyo, mpe mchonga funguo mzuri silinda zote mbili. Atapanga vibati vya ile mpya vifuate ufunguo wako wa zamani. Ni kazi ya subira, na inalipa.

Gari lako likiwa na imobilaiza, yaani kichwa cha ufunguo kina chipu na kuna pete ya koili mdomoni mwa silinda, elewa kwamba chipu inajulikana na kompyuta ya gari, siyo silinda. Silinda mpya itageuka lakini gari halitawaka mpaka chipu ya ufunguo wa zamani iwe karibu na ile pete. Ihamishie kwenye ufunguo mpya, na koili yako usiitupe.

Kwangu, sigusi swichi ya gari ambalo sijaona kadi yake. Mteja wa kweli hachukii kuulizwa.

Zana

Bisibisi ya nyota ndefu na fupi, bisibisi bapa ndogo, spana namba 10 ya betri, tochi ya kichwani, na spoku ya baiskeli iliyokatwa kama kidole kwa urefu. Unene wake wa milimita 2 unaingia sawa kwenye tundu tutakaloliona. Ikibidi kutoa nyumba nzima, ongeza drili yenye biti ya milimita 3 au 4, senta panchi, tindo dogo kali, na kile chuma chenye meno ya kushoto cha kuchomolea bolti zilizokatika. Bolti mpya za kukatika kichwa, nitakazozieleza mbele, uwe nazo mkononi kabla ya kuanza.

Kuanza

Weka gari mahali tambarare, tairi za mbele zimenyooka, jiwe mbele na nyuma ya tairi. Rudisha ufunguo LOCK kama unakubali. Fungua waya wa hasi wa betri, uuweke mbali, kisha subiri. Toyota wenyewe wanataka angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote karibu na usukani wenye mfuko wa hewa, kwa sababu mfumo huo unabaki na umeme wake wa akiba hata betri ikikatwa. Mimi nasubiri dakika tano nikipanga zana. Waya za njano ni za mfuko wa hewa: usizichomoe, usizipime kwa testa, usilaze kichwa mbele ya usukani. Hata kama 110 yako haina mfuko wa hewa, betri ikatwe vile vile, kwa maana waya mnene unaoingia kwenye swichi una umeme wa moja kwa moja, na bisibisi ikiteleza hapo waya zinaungua.

Kava za plastiki hazina maneno mengi. Shusha usukani kwa mkono wake wa chini, toa skrubu za chini, tenganisha ya juu na ya chini. Kwenye baadhi ya magari skrubu mbili zimejificha nyuma ya usukani na zinahitaji usukani uzungushwe. Ukiwa umefungwa, ndipo bisibisi fupi inapofaa. Piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa soketi yoyote.

Ikiwa kilichokufa ni swichi ya umeme

Hii ni kazi ya nusu saa. Chomoa soketi, toa skrubu mbili ndogo mgongoni mwa nyumba, swichi inatoka. Usiguse silinda wala bolti. Kabla ya kuweka mpya, tazama mkia wa silinda na mfereji wa katikati ya swichi: lazima vielekee upande mmoja. Vikipishana na wewe ukakaza skrubu tu, plastiki inapasuka. Chunguza pia soketi ya upande wa gari. Pini ikiwa imebadilika rangi kwa joto, swichi mpya haitadumu. Badilisha kipande cha soketi, uunganishe kwa risasi ya kuchomea, siyo kwa kusokota.

Ikiwa ni silinda, na ufunguo bado unageuka

Usiiache siku nyingine, maana ikigoma kabisa kazi inakuwa mara tatu. Toa pete ya koili na taa kama zipo. Geuza ufunguo hadi ACC. Karibu na mdomo wa silinda, kwenye ukuta wa nyumba, kuna tundu dogo. Ingiza spoku, bonyeza mpaka uhisi pini ya ndani inazama, huku unavuta ufunguo kuja kwako. Silinda inateleza na kutoka yote. Isipotoka, ACC haijakaa sawa: tikisa ufunguo nywele moja mbele au nyuma huku bado umebonyeza.

Kuweka mpya ni kinyume chake: ufunguo ukiwa ACC, sukuma mpaka pini iruke na kulia. Vuta kuhakikisha imeshika.

Ikiwa silinda haigeuki kabisa

Hapa ndipo watu wanapoharibu. Kwanza jaribu upole: paka ufunguo unga wa risasi ya penseli, uuingize na kuutoa mara nyingi, ugonge kichwa chake taratibu kwa mpini wa bisibisi huku unaugeuza kidogo. Vibati vilivyonata mara nyingi vinaachia, na ukipata ACC hata mara moja tu, rudi kwenye sehemu iliyotangulia uitoe silinda pale pale.

Ikishindikana, toa nyumba nzima. Wapo wanaotoboa silinda kwa drili. Inawezekana, lakini unga wa chuma unamwagikia kwenye swichi ya umeme na kwenye njia ya ulimi, na sipendi kuacha uchafu mahali panapofunga usukani wa mtu.

Nyumba imeshikwa kwenye bomba la usukani kwa bolti mbili zisizo na kichwa cha spana. Zilipofungwa kiwandani zilikuwa na kichwa. Zilipofikia kukaza kwake, kichwa kikakatika, kikabaki kitako cha mviringo kilicholala. Zimetengenezwa hivyo ili mwizi asizifungue. Tandika kitambaa chenye unyevu juu ya pedali kidake unga. Kwanza jaribu tindo: liweke ukingoni mwa kitako, si katikati, ligonge uchimbe kijinyoya, kisha uligeuze lilale na ugonge kuzungusha bolti kinyume cha saa. Gonga fupi fupi. Ikisogea robo ya mzunguko tu, iliyobaki unaimaliza kwa koleo au kidole. Bolti nyingi nimezitoa namna hii bila kuwasha drili.

Ikikataa, piga alama katikati kwa senta panchi. Chukua muda hapa, kwa sababu alama ikikaa pembeni biti itakula uzi wa nyumba. Toboa polepole kwa biti ya milimita 3 au 4, ingiza chuma cha meno ya kushoto, uzungushe kwa mkono. Kikikatikia ndani, hakitobolewi tena, kwa hiyo ukihisi kinajipinda, simama.

Chomoa soketi zote, na kama kuna kebo inayotoka kwenye gia kuja kwenye nyumba, ifungue pia. Nyumba inatoka.

Weka mpya, na hapa usiharakishe. Ulimi lazima ukae mbele ya tundu lake kwenye bomba. Kaza bolti mpya kwa mkono, zote mbili kwa zamu, zishike tu. Sasa jaribu. Ufunguo ACC: zungusha usukani, usikie kama kuna kitu kinakwaruza ndani ya bomba. Ufunguo nje: usukani ufungwe ndani ya mzunguko mmoja. Rudi ACC: uachie mara moja, bila kusita. Mimi narudia mara kumi kwa hesabu. Ulimi unaokwaruza leo ndio utakaojifunga mteremkoni kesho, gari likiwa na watu ndani. Ukisikia mkwaruzo wowote, legeza, sogeza nyumba, anza kuhesabu upya.

Ikitimia kumi safi, ndipo unakaza mpaka vichwa vikatike. Wengine wanaweka bolti za kawaida. Zinashika, lakini umemwachia mwizi mlango, kwa hiyo mimi nazikataa.

Kurudisha

Funga waya mahali pake pa zamani, zisiguse kitu kinachozunguka, na angalia kava isibane ule waya wa njano. Ufunguo ukiwa LOCK, rudisha hasi ya betri. Washa ON: taa ya mfuko wa hewa, kama ipo, iwake sekunde chache kisha izime. Ikibaki, kuna soketi hukuirudisha; kata betri, subiri tena, ukague. Washa injini, jaribu feni, waipa, redio, kisha geuza usukani kutoka kushoto mpaka kulia mara kadhaa. Kava uzifunge mwisho kabisa.

Kitu ambacho sitakifanya hata mteja akinisihi

"Fundi, niunganishie tu waya na kitufe, nitarudi mwisho wa mwezi." Nimeambiwa hivyo mara nyingi na wenye magari ya kubebea dagaa kutoka Mwaloni, Kirumba, na naelewa: gari lisilotembea siku moja ni hasara. Lakini ukiwasha gari kwa kitufe huku ulimi ukiwa umebaki ndani ya nyumba, hakuna ufunguo unaoushikilia. Anayeukata ulimi kwa grainda naye anaacha gari lisilofungwa. Na waya mwembamba wa kitufe haustahimili umeme unaopita kwenye swichi. Unapata moto kabla ya chochote, miguuni kwako. Kama pesa haijatosha, mwambie fundi ukweli. Swichi ya umeme au silinda iliyotumika inaweza kulipwa kwa awamu, na gari likaondoka salama.

Vivyo hivyo usizime gari ukiteremka mlima ili kubana mafuta. Breki zinabaki na msaada wa kukanyaga mara chache tu kisha zinakuwa ngumu, usukani wa pawa unakuwa mzito, na ufunguo ukipitiliza hadi LOCK na kuchomoka, usukani unajifunga kwenye kona.

Baada ya hapo silinda haitaki mengi. Usiipake oili wala grisi, vumbi letu la Igoma na Kisesa linashika humo na kuwa tope gumu; unga wa penseli unatosha mara mbili kwa mwaka. Na toa mzigo kwenye mnyororo wa funguo: kufuli la duka, funguo za geti na kifungulio cha soda vinaning'inia na kucheza kila unapopita kwenye shimo, vikila vibati kidogo kidogo.

Silinda ya zamani usiitupe. Ifunge kwenye mfuko mdogo pamoja na ufunguo wake, uiweke kwenye droo ya gari: siku utakapotaka milango na swichi zirudi kwenye ufunguo mmoja, mchonga funguo atahitaji vile vibati vyake.